IMLA NI KAZI YA NYUMBANI PIA
(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye darasa la kisomo)



Leo sisemi habari za mbolea. Nasema habari za imla. Mtoto anarudi na daftari, maneno kumi, amekosa saba, nasi tunasema eti hiyo kazi ya mwalimu. Haya, mwalimu ana watoto wangapi darasani? Wewe nyumbani unao watatu.

Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, silabi kwa silabi. Ugumu uko mahali pachache tu. Siku ya uchaguzi tunapiga kura, hatupigi kula. Thamani ya pamba si samani ya nyumba. Kanga huvaliwa, kaanga ni la jikoni. Na hilo neno la pale kwenye mizani, stakabadhi, hata wakubwa wengi wanaandika "stakabazi". Mtoto huyu ndiye kesho atakayekusomea kilo zako, au atakayeziandika.

Sasa jambo lenyewe. Wengi hapa ndimi zetu hazitenganishi l na r. Si aibu, tumezaliwa na lugha zetu. Lakini ukimsomea mtoto imla kwa ulimi huo ataandika alivyosikia, halafu unamgombeza! Kwa hiyo neno lisitoke mdomoni mwako, litoke kitabuni. Mtoto alitazame, alisome kwa sauti, alifunike kwa mkono, aliandike. Kisha afunue, alinganishe herufi kwa herufi. Akikosa, aandike tena neno zima. Maneno matano kwa jioni yanatosha. Kesho arudie yaliyomshinda. Daftari likiisha, mkaa upo, na mchanga uani upo.

Asiyejua kusoma naye ana kazi. Keti karibu, mwambie: "Nisomee ulichoandika, siyo ulichotaka kuandika." Kama kaandika "kodoo", akisoma polepole sikio lako litamkamata. Na fimbo iwekeni mbali, jamani. Mtoto mwenye hofu hukosea hata jina lake.

Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, waliofundisha wazee wetu kusoma wengine walikuwa watoto wa shule. Wazee wale hawakuona haya kukaa mbele ya mtoto.

Ijumaa ijayo kila mzazi aje na daftari la mwanawe. Tutaanza na stakabadhi.