HESABU YA BAHATI NASIBU

Shikeni daftari na kalamu, kwani leo tutapiga hesabu ya jambo linalogusa mfuko wa kila mtu, nalo ni bahati nasibu.

Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa ilitungwa nchini mwetu mwaka 1974, na watu wakanunua tikiti za karatasi. Siku hizi mtu wa Balangdalalu hucheza kwa simu, ameketi kivulini huku akichunga ng'ombe. Mchezo huu ni halali, nao husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Basi sisemi kwamba mchezaji ametenda kosa. Nasema ajue hesabu yake.

Tuseme unakisia tarakimu tatu, tangu 000 hata 999. Namba hizo ni 1,000. Fikiri zizi lenye ng'ombe 1,000, na mmoja tu ana alama sikioni. Wewe umefungwa macho, unaambiwa umshike huyo. Hiyo ndiyo bahati unayoinunua.

Tuseme tena kwamba unalipa shilingi 500, na mshindi hupewa 100,000. Watu 1,000 wakilipa, kila mmoja kwa namba yake, zitapatikana shilingi 500,000. Mmoja atachukua 100,000. Shilingi 400,000 hazitarudi kwa wachezaji.

Wapo wasemao, "Nimekosa mara nyingi, sasa zamu yangu imekaribia." La, sivyo. Namba haina kumbukumbu. Haijui kama jana ulikosa. Watu 10 wakicheza hivyo kila siku mwaka mzima, yapata saba hawatashinda hata mara moja, na kila mmoja atakuwa amelipa shilingi 182,500.

Kwa nini basi watu hucheza? Si kwa ujinga. Hata mimi, niliyesoma hesabu chuoni, nilicheza. Mvua zilikuwa zimekosa, nami nilikuwa nikidaiwa. Niliona shilingi 500 haiwezi kulipa deni lolote, bali yaweza kuninunulia usiku mmoja wa matumaini. Asubuhi deni lilikuwa palepale. Nilirudia siku kumi. Ndipo nikatambua kwamba nimetoa shilingi 5,000, nazo zingalipunguza deni lile.

Ukipenda kucheza, cheza kwa pesa ya mchezo. Usiguse pesa ya mbegu, ya dawa wala ya shule, na usikope. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba pia hukimaliza.

Sasa zoezi:

1. Ukicheza shilingi 500 kila siku, utalipa kiasi gani kwa juma moja?
2. Na kwa siku 30?
3. Siku ya mnada, uliza bei ya mbuzi. Je, shilingi 182,500 zinanunua mbuzi wangapi?

Andikeni majibu, mkayazungumze nyumbani. Kwaherini.