Harufu ya jasho kwa vijana wetu

Mumekuja kupimisha watoto wachanga, lakini juma lililopita mama mmoja alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ndogo: "Mama, binti yangu amekataa kwenda ku masomo. Wenzake wanaziba pua wakimuona." Binti ana miaka 13. Mama alikuwa amekwisha kumupiga, akifikiri ni uvivu wa kuoga.

Si uvivu. Kati ya miaka 8 na 14 hivi mwili wa mtoto unaanza kugeuka. Kwapani na sehemu za siri kuna vifuko vidogo vya jasho vilivyolala tangu kuzaliwa, sasa vinaamka. Jasho lenyewe halinuki sana. Mikrobe zinazokaa ku ngozi ndizo zinakula jasho lile, na hapo harufu inatokea. Kwa hiyo marashi juu ya jasho la jana hayasaidii: munapata harufu mbili.

Tufanye nini basi, sisi tusio na feza ya dawa ya kwapa ya dukani? Maji na sabuni, asubuhi na mangaribi. Nusu ndoo inatosha kwa kwapa, mapaja na miguu, na sabuni ya mawese inafaa. Aondoe povu yote, ajipanguse mpaka kukauka kabisa, sababu mikrobe hupenda unyevu. Nywele za kwapa akate kwa makasi. Wembe wa kushirikiana, hapana!

Lakini kosa ninaloliona sana ni nguo. Mtoto ameoga vizuri, kisha anavaa shati ya jana. Na nguo hizi za nilo zinashika harufu kupita pamba. Geuza shati, ndani iwe nje, paka sabuni fasi ya kwapa, acha kidogo, fua, anika juani. Mwenye shati moja tu ya masomo afue fasi ya kwapa mangaribi. Kama haikukauka asubuhi, pasi ya makala itamaliza.

Wengi hupaka ndimu. Inaunguza ngozi iliyonyolewa, na jua likiipiga inaweza kuacha madoa meusi. Heri bikarbonati ya mandazi, ncha ya kijiko katika maji kidogo, ikiwasha, aache. Na binti asitie sabuni, ndimu wala majani ndani ya uke, hata siku za mwezi. Aoshe nje tu.

Mukitaka kumwambia, mumuite peke yake. Miye mwenyewe nilikosa hapo: nilimwambia kijana wangu mezani, wageni wakisikia. Majuma mawili alikula nje.

Kama kuna majipu kwapani, uchafu wa kunuka ukeni, au mtoto anakunywa maji sana, anakojoa sana na kukonda, musingoje. Mumulete hapa, na mutuachie nafasi ya kusema naye peke yake.