Jina Kwenye Chupa: Kiwanda cha Bia cha Ufundi ni Kipi?



Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nimeikumbuka methali hiyo kwa sababu leo nazungumzia sifa iliyoandikwa kwenye chupa nyingi za bia, sifa ya kuwa "craft", yaani bia ya kiwanda cha ufundi. Mara nyingi mnunuzi huilipia bei ya juu. Ni haki yake kujua analipia nini.

Tuangalie Marekani, ambako sifa hiyo imeenea sana. Huko sheria ya shirikisho haitoi maana yake. Kipimo kinachotajwa zaidi ni cha chama cha watengenezaji wenyewe, Brewers Association, nacho kina masharti matatu. Kwanza, kiwanda kiwe kidogo: uzalishaji wake usizidi mapipa milioni 6 kwa mwaka. Pili, kiwe huru: kampuni ya vileo isiyokuwa ya ufundi imiliki au idhibiti chini ya asilimia 25 yake. Tatu, kiwe na kibali cha serikali na kitengeneze bia.

Yapimeni masharti hayo. Pipa la bia la Marekani lina lita 117 hivi. Kwa hiyo mapipa milioni 6 ni takriban lita milioni 700. Udogo huo una tumbo kubwa! Tena, zamani kikomo kilikuwa mapipa milioni 2. Sharti la tatu nalo awali lilihusu namna ya kutengeneza bia na asili ya ladha yake. Likabadilishwa mwaka 2018. Leo hakuna sharti linalopima ladha, wala linalodai kazi ya mikono.

Lililo zito ni la umiliki. Goose Island ilianza mjini Chicago mwaka 1988. Mwaka 2011 ilinunuliwa na Anheuser-Busch. Jina lilibaki lile lile, lakini kwa kipimo cha chama kiwanda hicho hakikuwa tena cha ufundi. Aliyesoma jina peke yake hakuweza kujua. Mwaka 2017 chama kikatoa nembo ya chupa iliyopinduliwa kwa viwanda vilivyo huru. Kuiweka ni hiari. Hivyo kutoiona si ushahidi kwamba kiwanda kina bwana mwingine.

Basi, dukani tufanye nini? Someni jina la mtengenezaji, na mkitaka kuunga mkono kiwanda huru, ulizeni mmiliki wake ni nani. Mkilipia ladha, ulimi ndio hakimu. Ama usalama, huo hautokani na sifa hiyo kamwe: tafuteni alama ya mamlaka ya viwango, tarehe ya mwisho wa matumizi na kizibo kisichoguswa. Kiwanda kiwe kikubwa au kidogo, mlaji asikisamehe katika hayo.