Maumivu ya Tumbo Yatokayo Shingoni



Nani angedhani ya kuwa maumivu makali ya tumbo yaweza kuanzia shingoni? Nyuma ya tezi kubwa ya shingo mna tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, kila moja kadiri ya punje ya mchele. Huitwa parathairoidi. Kazi yao ni kulinda kiasi cha kalsiamu katika damu, ile itiayo mifupa nguvu.

Moja yao ikifanya kazi kupita kiasi, kalsiamu hutolewa mifupani ikazidi katika damu. Mgonjwa huchoka, huona kiu, na pengine hupata vijiwe vya figo. Tena, kwa watu wachache, kongosho huvimba ghafula: maji yake ya kuyeyusha chakula huanza kulila kongosho lenyewe. Maumivu hupenya hata mgongoni, pamoja na kutapika. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, maana aweza kufa.

Mara nyingi sababu ni vijiwe vya nyongo au pombe. Visipoonekana, damu ipimwe kalsiamu. Mwaka 1957 Daktari Oliver Cope na wenzake wa Boston, Marekani, walieleza ya kuwa ugonjwa wa kongosho waweza kufichua ubovu wa tezi hizo. Lakini wakati wa maumivu kalsiamu yaweza kushuka. Basi ipimwe tena mgonjwa apatapo nafuu. Tezi mbovu huweza kuondolewa kwa kupasuliwa.

Kwa hiyo, msimwite mgonjwa mlevi kabla damu yake haijapimwa.