Kwa nini tawi halitatoa tamko la kupinga nyumba za Hanang: maneno ya Kamati kwenye mkutano wa Jumapili



Haya ndiyo tuliyoyasema mkutanoni Jumapili. Tumeyaandika kwa ajili ya waliokuwa msibani na waliozuiwa na mvua. Yasomeni yote kabla ya kujibu. Anayetaka kuyasambaza ayasambaze mazima, asikate kipande cha katikati na kukipeleka kwenye grupu la kata kama ilivyotokea mwezi uliopita.

Tuanze na lililotuleta. Wiki mbili zilizopita mwenzetu mmoja alirusha humu picha za nyumba ambazo serikali iliwajengea waathirika wa maporomoko ya Hanang. Nyumba mpya, bati linang'aa, zimepangwa kwa mstari. Chini yake akaandika maneno matatu tu: "Na sisi je?" Kulipokucha grupu lilikuwa na ujumbe zaidi ya mia mbili, na baadhi yake tuliufuta kwa sababu ulikuwa wa matusi. Likazaliwa pendekezo. Limeletwa kwa utaratibu, kwa barua, na wanachama kumi na wanne wametia saini: kwamba tawi litoe tamko la kupinga serikali kutumia fedha za umma kuwajengea nyumba waathirika wa maafa popote nchini, mpaka watu wa Kagera waliobomokewa mwaka 2016 walipwe kwanza.

Kamati imelijadili mara mbili na imelikataa. Hatujalikataa kwa dharau, ndiyo maana tunaeleza kwa kirefu.

Sisi wenyewe ni waathirika. Ile Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, hakuna kati yetu aliyesimuliwa na mtu. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilichukua sekunde chache tu. Watu zaidi ya 15 walikufa mkoani kwetu, mamia wakajeruhiwa, na nyumba kwa maelfu zikaanguka au zikapasuka. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata wanafunzi wakahamishiwa kwingine. Tulilala nje, wengine chini ya turubai, wengine kibanjani katikati ya migomba, na mvua za vuli ndiyo kwanza zinaanza. Wapo waliouliza kwa nini watu wasihamie kwa ndugu mjini. Mtu ambaye babu yake na baba yake wamezikwa katika kibanja kile haulizwi swali hilo.

Nchi ilichanga. Mabenki, makampuni, balozi, wasanii, watu wa kawaida kwa simu. Kisha Januari 2017 Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alipokuja Bukoba, akasema wazi kwamba serikali haitamjengea kila mwananchi nyumba, na kwamba fedha zitaelekezwa kwenye shule, huduma za afya na miundombinu ya umma. Hoja yake tuitaje kama ilivyokuwa, maana wengi humu mnaikumbuka nusu: tetemeko halikuletwa na serikali, nyumba zilizoharibika ni nyingi mno, na shule ni ya wote lakini nyumba ni ya mtu mmoja.

Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Ihungo ilijengwa upya, fedha nyingi zikitoka Uingereza, na leo ni shule ya kujivunia. Watoto wa wanachama wetu wamesoma mle. Asije mtu akasema fedha zote ziliyeyuka wakati majengo tunayaona kwa macho. Kilichotuuma ni kingine. Nchi ilipochangishwa, zilionyeshwa picha za nyumba za watu zilizolala chini, na bibi amekaa juu ya matofali yake. Mchangaji alimchangia yule bibi. Mchango ulipofika ukaenda kwenye jengo la umma, na bibi akaambiwa ajijenge.

Sasa turudi kwenye barua ya wenzetu. Ukiisoma taratibu utakuta imebeba hoja ileile tuliyoambiwa mwaka 2017: fedha za umma zisijenge nyumba ya mtu binafsi. Tofauti ni kwamba safari hii mhuri utakuwa wetu, na anayelala nje atakuwa mtu wa Katesh au wa Rufiji.

Mkutanoni mama mmoja, ambaye wengi mnamfahamu na mnajua bado analala chumba cha mbele kwa sababu ukuta wa nyuma umeachana na paa tangu siku ile, alisimama kuunga mkono barua. Alisema: "Mimi sina kinyongo na watu wa Hanang. Nina kinyongo na hesabu. Kwa nini tope la mlimani liwe na nyumba, na mtikisiko wa chini usiwe na nyumba?" Watu wakapiga makofi, na sisi tulipiga.

Hilo ndilo swali lenyewe, ila tamko lililopendekezwa halilijibu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Baada ya hapo serikali na wadau wake walijenga nyumba zaidi ya 100 kwa waliopoteza makazi. Hanang nyumba zilihesabika kwa mamia, kwetu kwa maelfu. Ni mzigo tofauti, tukubali. Lakini kati ya kumjengea kila mtu nyumba nzima na kutomjengea yeyote kuna njia nyingi katikati: bati na saruji kwa kila kaya iliyothibitishwa, fundi anayelipwa na halmashauri, mkopo usio na riba, kuanza na wajane, wazee na walemavu. Mwaka 2016 wapo waliopata bati na saruji, na wapo waliopata turubai peke yake. Ukiuliza kwa kigezo gani, unaambiwa jina lako halikuwepo.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Msaada wa maafa ukiwa ni huruma ya aliyepo madarakani siku hiyo, mwenye huruma atajenga na mwingine hatajenga, na wote wawili watakuwa hawajavunja ahadi yoyote kwako. Sheria ya maafa ilikuwepo tangu 2015, na mwaka 2022 Bunge likapitisha nyingine, Sheria Na. 6, yenye mfuko wa maafa na kamati zinazoshuka mpaka ngazi za chini. Ni hatua nzuri na tunaisifu, ingawa tuko upinzani. Lakini Jumapili tuliuliza ukumbini: nyumba yako ikianguka kesho unadai nini, kwa nani, ndani ya siku ngapi? Katika watu sitini na kitu, hakuna aliyejibu. Kamati nzima pia haikuwa na jibu, tusijifiche.

Kijana wetu mmoja alitukumbusha mambo ya Marekani, na tunayaweka hapa kwa sababu yanafanana na yetu kuliko tulivyodhani. Kimbunga Sandy kiliipiga New York na New Jersey mwishoni mwa Oktoba 2012. Ilipofika Januari 2013 muswada wa dola bilioni 50 za kuwasaidia ulipigiwa kura katika Baraza la Wawakilishi, ukapita kwa kura 241 dhidi ya 180. Waliokataa karibu wote walikuwa wa chama cha Republican, wakiwemo wabunge wengi wa Texas. Walisema muswada umejazwa matumizi yasiyohusu kimbunga, na kwamba fedha hizo zikatwe kwanza mahali pengine. Agosti 2017 kimbunga Harvey kikaizamisha Houston, iliyomo humo humo Texas. Wabunge wa New York na New Jersey walikuwa na nafasi ya kulipiza, na maneno ya kuwakumbusha wenzao yalisemwa, tena makali. Lakini Peter King wa New York, naye wa chama hicho hicho cha Republican, alitangaza mapema kwamba atapiga kura ya ndiyo. Fedha za kwanza za Harvey zilipita barazani kwa kura 419 dhidi ya 3.

Kwa hiyo inawezekana kumwambia mtu ukweli kuhusu alichokutendea, na bado ukamwachia bati lake. Na watu wa Hanang hata hawakututendea kitu. Mwaka 2016 huenda nao walichanga.

Wapo waliosema kwamba kazi ya upinzani ni kupinga, na tukinyamaza tutaonekana tumenunuliwa. Ndugu zetu, tupinge orodha zinazoandikwa usiku. Tupinge michango inayokusanywa kwa jina la bibi na kutumika bila bibi kuulizwa. Tupinge hesabu za mfuko kutobandikwa ukutani. Kupinga shilingi inayomfikia aliyefukiwa na tope ni kumsaidia yule aliyesema haiwezekani, na mwaka mwingine tetemeko likirudi Bukoba tutasomewa tamko letu wenyewe.

Badala ya tamko, Kamati imeamua hivi. Hatuna diwani wala mbunge safari hii, tuna mdomo na kalamu tu, basi tuvitumie. Tutaandika barua kwa halmashauri kuomba kujua kamati ya maafa ya kata yetu ina akina nani na ilikaa lini mara ya mwisho. Tutapeleka pia orodha ya kaya ambazo mpaka leo zinaishi kwenye nyumba zenye nyufa za 2016, bila kujali zina kadi ya chama gani. Hili la kadi lilileta kelele ukumbini, na tunalirudia: bila kujali kadi. Na tutaupelekea uongozi wa mkoa wa chama pendekezo kwamba wabunge wetu, pale walipo, wadai kanuni inayotamka kiwango cha msaada kwa kila kaya iliyopoteza makazi, iwe ni tetemeko, tope au mafuriko.

Waliosaini barua hawajakosea kuileta na hatutaki kuona wakisemwa humu. Watatu kati yao wamekubali kuongoza uandikishaji.

Uandikishaji unaanza Jumamosi saa tatu asubuhi, kila mtaa kwa mjumbe wake. Njoo na jina la mkuu wa kaya, idadi ya wanaolala humo, na picha ya ukuta wenyewe ikiwezekana. Asiye na simu ya picha amwambie mjumbe, kijana atapita. Orodha inafungwa Jumapili ya wiki inayofuata saa kumi jioni, na itasomwa kwa sauti mkutanoni kabla ya kupelekwa popote, ili asiyekuwepo ajulikane mapema.

Kamati ya Utendaji ya Tawi