Motere haikufa, ilikosa mazuti

Wazee wetu, wamama, vijana, nanyi wafadhili mnaotusoma toka mbali: wengi wanauliza kama tutatafuta pesa ya motere mpya. Hatutatafuta.

Mnakumbuka Juni 2022 tulivuka hapa Bunagana kwenda Kisoro. Ile Hilux yetu ya mazuti ilisimama kule miezi mingi, tanki nusu. Tanki isiyojaa, kwa baridi yetu ya usiku, inafanya maji ndani. Maji yanakaa chini ya mazuti, uchafu unazalia pale, na barabara ya mawe inauamsha.

Basi gari likazimika ghafula kwenye mlima upande wa Chengerero, mama mjamzito yumo ndani. (Alifika kwa pikipiki, Mungu ni mwema.) Garaji moja wakasema: motere imekufa, badilisheni.

Tukaangalia kwanza. Demarere ingezungusha mbio-mbio, nyepesi, tungeogopa mkanda wa taimingi umekatika. Hapo ukizidi kuzungusha unaharibu valvu. Ingegoma kabisa, tungesema motere imekwama, au batri imeisha. Lakini ilizunguka kama kawaida, na moshi nyuma hata kidogo hakuna. Maana yake mazuti hayafiki. Tukafungua skrubu ya chini ya filta: maji, na matope meusi.

Tulimwaga tanki, tukaisafisha, tukaweka filta mpya, tukapampu kwa mkono mpaka hewa yote ikatoka. Likawaka.

Tunachoomba sasa ni filta mbili za akiba. Shofere atamwaga maji ya filta kila Jumatatu, na tanki isilale nusu tena.