Vyombo vya Bwana na Mateka Wake

Hotuba iliyonenwa mbele ya Wakristo na walimu katika sikukuu ya yubile



Katika mwaka huu wa yubile mitaa yetu yauliza neno moja: Tumtolee Mungu kitu gani cha ukumbusho? Wengine wamesema, kengele. Wengine, kikombe cha fedha cha Ushirika. Ni shauri jema, wala hatulikatai. Lakini kabla hatujapeleka fedha zetu kwa sonara, na tuwakumbuke watu wa kale waliokuwa na vyombo vya Bwana mikononi mwao, tuone walivitumia namna gani.

Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alivichukua vyombo vya Hekalu la Yerusalemu, akaviweka katika nyumba ya mungu wake. Hata usiku mmoja Belshaza akafanya karamu, akaagiza vikombe vile viletwe, akavinywea divai pamoja na wakuu wake. Na usiku uo huo akauawa. Koreshi mfalme wa Uajemi, ambaye majeshi yake yaliutwaa Babeli mwaka wa 539 kabla ya Kristo, alivitoa vyombo vile kwa hesabu. Kitabu cha Ezra chasema vilikuwa 5,400. Tena angalieni neno hili: vyombo vilipanda kwenda Yerusalemu pamoja na watu waliotoka uhamishoni, katika safari moja. Mungu hakuvirudisha vikombe akawaacha mateka.

Kanisa halikulisahau neno hilo. Mwaka wa 258, Kaisari Valeriani alipowatesa Wakristo, Laurenti shemasi wa Rumi aliamriwa kuzitoa hazina za Kanisa. Yasimuliwa ya kuwa aliomba muda, akawakusanya maskini, akamwonyesha hakimu, akisema kwamba hao ndio hazina. Kwa jibu hilo alilipa roho yake.

Baada yake alikuja Ambrosi, askofu wa Milano. Mwaka wa 378 Wagothi walilishinda jeshi la Warumi karibu na Adrianople, nao watu wengi wakachukuliwa mateka, wakauzwa. Ambrosi akavitwaa vyombo vya kanisa, akaviyeyusha, akawakomboa. Adui zake Waario wakamlaumu vikali. Naye akawajibu katika kitabu alichowaandikia makasisi wake, ya kuwa ni heri kumhifadhia Bwana watu kuliko kumhifadhia dhahabu. Lakini hakufanya ovyo. Alifundisha kwamba vyombo visivyokwisha kutumika katika ibada vitafutwe kwanza, tena vivunjwe na kuyeyushwa kabla ya kutoka, ili kikombe cha Bwana kisitoke kanisani kwa sura yake na kuangukia matumizi maovu. Basi Ambrosi hakukidharau kikombe. Alikiheshimu sana, hata hakukubali kipate aibu ya karamu ya Belshaza. Na mateka aliwaheshimu zaidi.

Tena yuko Akasio, askofu wa Amida, mpakani mwa Uajemi. Katika vita vilivyokwisha mwaka wa 422, askari wa Rumi waliwashika Waajemi wapata 7,000, nao walikuwa wakifa kwa njaa. Akasio akawakusanya makasisi wake, akawakumbusha ya kuwa Mungu wetu hali wala hanywi, hana haja ya sahani wala vikombe. Wakayeyusha dhahabu na fedha, wakawakomboa wale watu, wakawalisha, wakawapa na posho ya njiani. Nao hawakuwa Wakristo wenzao, bali adui wa nchi yao.

Wala habari hizi si za nchi za mbali tu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, na mwaka uo huo jiwe la msingi la Kanisa Kuu likawekwa mahali pale. Ndani yake uko msalaba wa mti tu, uliotokana na mti wa Chitambo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Si wa dhahabu; lakini twaustahi, kwa sababu ya mahali unapokaa.

Basi turudi kwenye swali letu. Katika Torati, kitabu cha Walawi, yubile haikuanza kwa kununua kitu. Ilianza kwa baragumu katika mwaka wa hamsini: mtumwa akaenda huru, na shamba lililouzwa kwa umaskini likarudi kwa mwenyewe. Je, kwetu hakuna mateka? Yuko mjane aliyeweka shamba lake rehani kwa deni la mazishi. Yuko mtoto aliyekaa nyumbani kwa kukosa sare na madaftari. Ninyi walimu mwawajua kwa majina kuliko sisi.

Kwa hiyo twawaomba neno moja. Mtaa utakaonunua kikombe, na umtafute pia mmoja wa hao, umkomboe kwa mchango ule ule. Kikombe kisiletwe madhabahuni mpaka siku ile mjane atakaporudishiwa shamba lake. Na viende pamoja, kama vilivyokwenda pamoja kutoka Babeli. Hapo ndipo mtakaposikia baragumu ya yubile, hata kama kengele haijanunuliwa.

Kwake yeye aliyetukomboa kwa damu yake iwe sifa milele. Amina.